Sikumfungulia jirani mlango kwa hofu. Je, pendo la Kristo limo ndani yangu?

SWALI: Baba Padri, tumsifu Yesu Kristo. Ninakaa Goma, mashariki mwa Kongo, nyumba ya mbao. Usiku ule wa mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, masasi yakipita juu ya mabati, jirani yangu aligonga mlango. Nilikuwa chini ya kitanda na watoto. Sikufungua. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tukikutana mahali pa kuteka maji siwezi kumtazama usoni. Hata leo kishindo cha usiku kinanitetemesha. Katika shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya sala, wanasema mwenye hofu hana pendo, wanasoma 1 Yohane 4:18. Nikiutazama msalaba naona haya. Nifanye nini?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, nianze na mstari huo, maana wameugeuza fimbo. "Pendo lililo kamili huitupa nje hofu" ni neno la kweli, ila wanaokusomea wanalikata. Yohane anaendelea: "kwa maana hofu ina adhabu", na mstari wa 17 umekwisha kutaja siku ya hukumu. Anamsema mtu anayemwona Mungu kama hakimu anayemngojea na kiboko. Mama anayesikia bomu na moyo ukamruka hayumo katika mstari huo. Kutetemeka kwako usikulete kwenye kitubio. Usingizi ukikataa kabisa, nenda kituo cha afya, uwaeleze.

(Mimi usiku ule nililala chini kwenye korido, rozari mkononi, na sikumbuki kama nilimaliza hata fungu moja. Wanaohubiri kwamba hawakuogopa, sijui wao walilala wapi.)

Sasa twende Getsemane. Marko 14:33 anasema Yesu "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika". Aliomba kikombe kile kimwondokee. Waraka kwa Waebrania, 5:7, unataja kulia kwake na machozi. Kwa hiyo huyo unayemwonea haya msalabani anaijua hofu yako tangu ndani. Aliogopa, akaenda, kwa kuwa alitupenda. Na akiwa pale juu, pumzi inamwishia, bado alikuwa anamtafutia mama yake mahali pa kukaa: "Tazama, mama yako." Hapo ndipo mimi huliona pendo la msalaba waziwazi kuliko mahali pengine pote. Maumivu hayakumsahaulisha watu.

Mji wetu umemwona mtu wa namna hiyo. Floribert Bwana Chui alikuwa mkaguzi wa bidhaa hapa Goma. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisifike kwa walaji. Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, hatua moja kabla ya Mtakatifu, kule Roma. Waliookolewa na kukataa kwake hakuwajua hata majina.

Lakini wewe si Floribert, utaniambia; wewe mlango ulibaki umefungwa. Vema, tuseme juu ya mlango. Ulikuwa na watoto chini ya kitanda, hukujua nani yuko nje, wala kama anafuatwa. Sitakuhukumu kwa hilo. Ila moyo wako una deni kwa jirani, na deni la jirani halilipwi kwa kuutazama msalaba tu. Mwendee. Chukua hata kikombe cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, umwambie: "Mama, usiku ule nilikusikia. Niliogopa." Usijitetee. Huenda naye ana mlango wake ambao hakuufungua.

Soma pia Yohane 20. Mitume walijifungia kwa hofu. Yesu akaingia, hakuwakemea juu ya mlango, akawaonyesha mikono na ubavu: alama za msalaba uleule. Wakafurahi. Na baada ya siku nane, mstari wa 26, milango ilikuwa imefungwa tena. Walikuwa wamekwisha kumwona amefufuka, na bado walifunga! Akaja tena, akasimama katikati, akasema neno lilelile: "Amani iwe kwenu."