Kabla hujanunua shokapu mpya za pikipiki kuukuu ya theluji

Anayenunua pikipiki ya theluji (ile yenye skii mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma unaoisukuma) iliyotumika miaka mingi huja na lalamiko lilelile: inaua mgongo. Wazo la kwanza ni kuagiza shokapu mpya za bei mbaya. Wewe unayeanza, nakuomba usianzie hapo. Mashine nyingi za umri huo nilizofungua kweli zilikuwa na shokapu zilizochoka, ila ubovu haukuishia kwenye shokapu: bushi zimelika, shafti zimekauka bila grisi, springi ni za dereva mwenye uzito mwingine kabisa. Ukifunga shokapu mpya juu ya hayo yote, umelipa pesa nyingi na mgongo utaendelea kuuma.

Ndani ya mkanda wa mpira kuna fremu ya reli mbili, imeshikwa na bodi kwa mikono miwili, wa mbele na wa nyuma. Kwa kawaida kila mkono una shokapu yake. Ile ya mbele imezungushiwa springi yake. Huko nyuma, kwenye mashine nyingi za zamani, kuna springi mbili za kujisokota, moja kila upande, na hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wako. Shokapu kazi yake ni kutuliza mwendo wa springi inapobonyea na inaporudi. Hilo likikukaa kichwani utaacha kuilaumu shokapu kwa kosa la springi. (Kama yako haina reli bali vigurudumu vyenye springi zake, mtindo wa Ski-Doo za kwanza za 1959, usiibadilishe. Itunze ilivyo.)

Jaribu hivi: simama nyuma ya mashine, ikandamize kwa uzito wako wote, kisha iachie. Ikiruka juu ghafla, shokapu haitulizi tena. Ikibaki imelala, springi zimechoka au mikono imekwama.

Sasa ishushe hiyo fremu, maana bila kuishusha unabahatisha. Piga picha kila kona kwanza. Legeza mkanda kwenye ekseli ya nyuma, kisha ondoa springi za kujisokota kwenye vishikizo vyake kwa kifaa chenye mpini mrefu. Zina nguvu ya kuvunja kidole. Fremu nyingi zimeshikwa na bolti nne, mbili kila upande, na hapa ndipo wageni wanapopoteza mchana mzima. Bolti ya kulia na ya kushoto zinaingia kwenye shafti moja. Ukiitoa ya kulia yote, ya kushoto itazunguka pamoja na shafti na huna pa kuishikia. Basi zishtue zote mbili kidogo, robo mzunguko tu kila moja, ndipo uanze kuzitoa.

Fremu ikiwa sakafuni, toa shokapu na uinue mikono kwa mkono wako. Inatakiwa ishuke yenyewe kwa uzito wake. Ikigoma, chomoa shafti, isugue kutu, paka grisi, badilisha bushi zilizolegea. Kagua reli kuzunguka matundu ya bolti, hasa pale mkono wa mbele unapofungwa. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, na uchafu huuficha. Zungusha kila gurudumu dogo linalopitisha mkanda, usikilize beringi. Kazi hii haina fahari yoyote, lakini ndiyo inayoleta nusu ya ulaini unaoutafuta.

Shokapu yenyewe isukume taratibu kwa kiganja. Yenye gesi nzima hukupinga kwa nguvu moja mwanzo hadi mwisho, kisha inarudi yenyewe. Ukikuta mahali inapopita bure bila kupinga, oili imepungua au imechanganyika na gesi. Tazama na fimbo yake: kidoa kimoja cha kutu juu ya krome kinatosha kuchana sili mpya. Zipo zinazofunguka, ambazo fundi hubadilisha sili na oili kisha akajaza naitrojeni. Nikiwa na hiyo na fimbo yake ni safi, naitengeneza bila kufikiria mara mbili. Zile zilizozibwa moja kwa moja kiwandani hazina tiba. Usifungue shokapu yoyote kabla presha haijatolewa, kwa sababu humo ndani ni kubwa mara kadhaa kuliko ya tairi la gari.

Ukilazimika kununua, pima urefu kutoka katikati ya tundu moja hadi la pili fimbo ikiwa imetoka yote, pima mwendo wa fimbo, upana wa bushi na unene wa bolti. Ndefu kupita ya awali itavuta mkono nje ya pembe yake. Fupi itafika mwisho mapema na kung'oa mahali ilipofungwa. Unapoagiza, taja uzito wako ukiwa umevaa mavazi yote ya safari.

Baada ya kufunga, inua mashine nyuma mpaka fremu ining'inie, ishushe mpaka mkanda uguse sakafu tu, pima kutoka sakafuni hadi kwenye bampa. Panda ukiwa umevaa kamili, mwenzako apime tena. Ikizama karibu theluthi ya umbali wote ambao nyuma inaweza kuzama, uko pazuri. Ikizidi, kaza springi, kulia na kushoto sawasawa. Ukifika mwisho wa kukaza na bado inazama, nunua springi nene zaidi, kwa maana kukaza hakubadilishi ugumu wa springi.

Ule ukanda mfupi unaozuia mkono wa mbele usishuke sana, wengi hawaugusi, na kuurekebisha ni bure. Ukiufupisha, uzito huenda kwenye skii na mashine inakata kona vizuri. Ukiurefusha, skii huwa nyepesi, jambo linalofaa kwenye theluji ya kina. Sogeza tundu moja, ukaendeshe, ndipo uamue.

Kila unaposogeza ukanda huo, pima upya kukaza kwa mkanda wa mpira kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Ukizungusha mkanda wa mpira mashine ikiwa juu ya stendi ili uone kama umenyooka, asisimame mtu nyuma. Zile bolti nne zikaze tena baada ya safari ya kwanza.