ED si utoro

Swali la wiki hii linauliza: mtu akiumia, akapewa na daktari ED, yaani cheti cha kupumzika kazini, kisha akarudi akakuta ameachishwa kazi, wa kulaumiwa ni nani? Mimi namlaumu aliyeandika neno "utoro" kwenye barua huku akijua fika kwamba mwenzake yuko nyumbani na hogo mkononi.

Yamenikuta. Nilikuwa nafunga maboksi kwenye kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Jumapili moja nashuka daladala, gari likaondoka mguu wa pili haujagusa chini. Nikaangukia mkono wa kulia, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Hospitali wakanifunga hogo na kunipa ED. Mdogo wangu akaipeleka kiwandani kesho yake. Supavaiza akaipokea, akasaini nakala, akasema dada apone kwanza. ED ya pili nayo ikapelekwa vivyo hivyo.

Hogo lilipotolewa nikaripoti kazini. Mlinzi akapitisha kidole kwenye karatasi ya majina, akarudia kutoka juu, akaniambia, "Dada, humu haumo." Nikangoja nje ya geti hadi jua la saa sita. Barua nilikabidhiwa pale pale, nimesimama: nimeachishwa kazi kwa kutoonekana zaidi ya siku tano bila taarifa.

Nafasi yangu alikuwa ameshawekwa binti mwingine. Huyo simlaumu hata kidogo, maana oda za wateja hazingojei mkono wangu uunge. Ila kuziba pengo ni jambo moja, na kumfuta mtu kwa kumsingizia ni jingine kabisa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu mshahara, mradi ulete cheti cha daktari anayetambulika. Wala haisemi lazima uwe umeumia ukiwa kazini. (Aliyeumia kazini ana mlango wake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango ya huko hutolewa na mwajiri.) Hata mtu akishindwa kabisa kazi yake ya zamani, kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri aangalie kwanza ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama ipo kazi nyingine nyepesi ya kumpa. Mimi sikuitwa hata kuulizwa mkono unaendeleaje.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo wengi wanapopotelea. Anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Nawe huku unaambiwa, "Njoo Jumatatu, bosi amesafiri." Jumatatu unaambiwa barua yako iko kwa mhasibu. Unangoja kwa heshima, na siku zinakatika. Mama mmoja wa chama cha wafanyakazi alinikataza kungoja. Akaniambia nikajaze fomu kwanza, mazungumzo yatafuata huko huko.

Kule Tume mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Msuluhishi aliweka zile nakala mbili mezani, akamuuliza mwakilishi wa kiwanda, "Hii saini ni ya nani?" Yule kaka akaigeuza karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akasema ni ya mtu wao. Baada ya hapo neno utoro halikutajwa tena. Tulikubaliana nilipwe mishahara iliyobaki, notisi na malipo ya likizo, nipewe na cheti cha utumishi. Mimi nilitaka kazi yangu. Hilo walilikataa, na bado linaniuma.

Na mimi nilikuwa na mkataba. Wanaonitia uchungu zaidi ni vibarua wanaoitwa kwa majina getini kila asubuhi. Huyo akivunjika mkono, haitwi tu. Hakuna barua, na wengi wao hawajui kwamba aliyefanya kazi kwa vipindi kwa mwajiri yule yule, jumla ikapita miezi sita ndani ya mwaka, naye ana haki ya likizo yenye malipo.

Ombi langu kwa ofisi za utumishi viwandani ni dogo: wekeni daftari la kupokelea ED pale getini, mlinzi aandike tarehe na jina la aliyeileta, agonge muhuri kwenye nakala, na mgonjwa arudishiwe nakala yake siku hiyo hiyo. Vibarua nao waandikwe humo humo.