Kwa mnaoanza kazi kwenye meza ya uzazi wa mpango

Wadogo zangu mlioripoti vituoni mwaka huu, mna bidii, na wengi wenu mnawapokea wateja kwa upole kuliko tulivyowapokea sisi. Nimelazimika kuandika kwa sababu nimeisikia tena kauli ambayo ilipaswa kuwa imekoma siku nyingi: “Nenda mama, urudi ukiwa kwenye siku zako.”

Chuoni mmefundishwa kwamba vikwazo vya uzazi wa mpango ni umaskini, umbali, mila na waume, na vyote hivyo vipo kweli. Hata hivyo, mwanamke aliyekwisha kuketi mbele yako amevivuka vingi kati ya hivyo, na kilichobaki kumzuia ni wewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake walio katika ndoa nchini Tanzania wakitumia njia za kisasa, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 31. Takwimu hizo hazielezwi na ujinga wa wanavijiji peke yake.

1. Kutokuwa kwenye hedhi si ushahidi wa mimba, wala si sababu ya kumnyima mtu huduma. Katika zahanati niliyoanzia kazi, kumrudisha mteja wa namna hiyo kulikuwa desturi yetu sote, na hakuna aliyeihoji. Alifika mama mwenye mtoto wa miezi mitano aliyekuwa akinyonya maziwa ya mama pekee, naye tangu ajifungue hakuwa ameona hedhi. Aliomba sindano. Tulimwambia arudi akianza kuona siku zake, kana kwamba hatukujua kwamba ni kunyonyesha huko huko kulikozizuia. Alirudi mtoto alipokwisha kuanza uji, bado hajaona chochote. Hatukumpima mimba, hatukumpa hata kondomu za kusubiria, tukamrudia maneno yale yale. Alipokuja tena alikuja kufungua kadi ya wajawazito, mtoto wa kwanza akiwa bado mgongoni. Alitusalimia kwa heshima ile ile, wala hakumlaumu mtu, kwa kuwa aliamini kwamba kosa lilikuwa la mwili wake uliochelewa. Lilikuwa letu. Ile orodha ya maswali sita ya kuhakikisha kwamba mteja hana mimba ilikuwepo, na siku ya kwanza angeipita bila shaka yoyote, kwa sababu mtoto alikuwa chini ya miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee na hedhi haijarudi. Iulizeni orodha hiyo kila mara. Mteja mwingine asiye na mimba akianza sindano au kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono siku nyingi baada ya hedhi kuanza, mpe kondomu za siku saba na umwache aende na njia yake.

2. Maudhi yaelezwe kabla ya dawa kutolewa. Mwambie anayechagua sindano ya miezi mitatu kwamba hedhi inaweza kuvurugika au kukoma, na kwamba akiiacha, mimba inaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa. Asiyeambiwa hivyo huamini kuwa ameharibiwa kizazi, na jirani zake huamini pamoja naye.

3. Saini ya mume haihitajiki. Akija na mumewe, wakaribishe wote wawili. Akija peke yake, usimuulize mume anasemaje. Wapo wanaochagua sindano kwa sababu haionekani, na wanaotuomba kadi zao zikae kituoni. Kwa hiyo nawasihi, uacheni ule mtindo wa kuita barazani, “Wa sindano wapite!” mbele ya mawifi na majirani.

4. Msichana asiyeolewa ni mteja. Utafiti huo wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kupata ujauzito, nanyi bado mnawauliza kama mama zao wanajua wamekuja.

5. Agizeni dawa kabla kabati halijawa tupu.

6. Kutoa kijiti ni huduma kamili kama kuweka. Hili linaniudhi kuliko mengine, kwa sababu linafanywa na watu wema wanaodhani wanamsaidia mteja. Mwanamke anaomba atolewe kijiti cha miaka mitatu kabla ya muda wake, anaambiwa avumilie, au anaambiwa mtoaji yuko semina, na anarudi kijijini na kitu mkononi mwake asichokitaka. Kila anayemwona akihangaika hivyo anajifunza kwamba njia hii huingia bila kutoka, na hakuna mkutano wa uhamasishaji utakaomshawishi tena. Anayetaka kutolewa hana deni la maelezo kwako: mweleze njia nyingine zilizopo, kisha mtoe siku hiyo hiyo. Mafunzo ya vijiti yakitangazwa wilayani, ulizeni kwanza kama yana mazoezi ya kutoa, na kama hayana, ombeni yaongezwe kabla hamjakubali kuanza kuweka.