Una anjioedema ya kurithi? Usikubali kung'olewa jino kwa Piriton

Mkuu, simama hapo hapo. Umeniandikia kwamba unang'olewa gego keshokutwa, una anjioedema ya kurithi (ugonjwa wa kuvimba uso, koo na kwingineko, kama wangu), unameza enalapril, unauliza ganzi ipi ni afadhali, na daktari wa meno amekuahidi Piriton na sindano ya haidrokotisoni "kwa tahadhari"? Na mimi niliahidiwa hivyo hivyo, nikashukuru na kulipa.

Jino lilitoka vizuri tu. Nikakaa benchi kidogo, uso uko sawa, nesi akasema nenda kapumzike. Mtego uko hapo! Uvimbe wetu hauna haraka, unaweza kuja baada ya saa kadhaa au hata kesho yake. Wangu ulikuja usiku. Kwanza shavu na mdomo, mwanangu akaniamkia kama mgeni, nikacheka. Baadaye sauti ikakauka, mate hayamezeki, kicheko kikaisha. Kule dharura wakanichoma adrenalini, wakaongeza haidrokotisoni, uvimbe ukazidi tu. Zingeushusha vipi? Hizo ni dawa za aleji, ile inayoletwa na kemikali ya mwili iitwayo histamini. Sisi tunavimbishwa na bradikinini, kemikali nyingine inayofanya mishipa ivujishe maji, kwa kuwa kizuizi cha C1, protini ya kuidhibiti, ni pungufu mwilini au hakifanyi kazi. Nilipona kwa mrija wa kupumulia na daktari wa zamu aliyeujua ugonjwa, akaagiza plazma iliyogandishwa, yaani majimaji ya damu ya mchangiaji. Yule wa meno nilipomfuata akaniuliza, "Kwani ulikula nini?" Nimekula hela yangu mwenyewe, bwana! Cheti changu cha ugonjwa alikishika kwa mikono yake.

Kwa hiyo koleo lisiingie mdomoni kabla kinga haijaingia mshipani. Kinga yenyewe ni sindano ya kizuizi cha C1, kwa mtu mzima yuniti 1,000 au 20 kwa kila kilo ya uzito, ichomwe karibu kabisa na muda wa kung'oa. Ikikosekana, plazma iliyogandishwa, tena hospitali kubwa. Kuna danazoli pia, dawa ya kumeza, ila huanzwa siku 5 kabla, kwa hiyo keshokutwa yako imeshakufa, ahirisha. Na kinga haizuii kila mara: dozi ya tiba iwe tayari, sindano nyingine ya kizuizi cha C1 au ya ikatibanti miligramu 30, dawa inayoizuia bradikinini, na usiku huo ulale karibu na hospitali inayoweza kukuwekea mrija.

Uliuliza na ganzi: ya sindano ni afadhali kuliko kulazwa usingizi na kuwekewa mrija kooni. Bei na mengine tutaongea ukishaahirisha. Halafu hiyo enalapril ya presha uliyoitaja juu juu, mpigie daktari wako leo akubadilishie, hiyo nayo hupandisha bradikinini.