Maiki ya kondensa: sauti iko mbali, ampu inakwaruza

Swali: Nimenunua maiki ya kondensa, Audio-Technica AT2020, pamoja na kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili. Nikiimba, sauti inasikika iko mbali, kama niko bafuni. Nikiiweka mbele ya ampu ya gitaa ya wati 15, inakwaruza, na hata nikishusha sauti kwenye kompyuta mkwaruzo hauondoki. Halafu nimeambiwa 48V huunguza maiki. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hofu ya 48V, yaani umeme ambao kadi ya sauti huupeleka kwenye maiki kupitia kebo, iondoe kwanza. Maiki yako imetengenezwa kutumia umeme huo; ukiuzima haitoi sauti. Cha kuzingatia ni mpangilio tu: punguza geini (kiasi ambacho kadi hukuza sauti inayoingia) hadi mwisho, chomeka kebo, ndipo uwashe 48V, usubiri sekunde chache, kisha upandishe geini. Wakati wa kuchomoa, zima 48V na usubiri kama nusu dakika. Usipofuata hivyo, mlio mkubwa wa "pu!" utaumiza spika na masikio yaliyo ndani ya hedifoni kuliko utakavyoiumiza maiki. Kebo nayo iwe na XLR, plagi ya pini tatu, pande zote mbili. Zile za karaoke zenye jeki upande mmoja hazipitishi 48V.

Sasa hilo la bafuni. Hakikisha kwanza unaimbia upande unaostahili. AT2020 haiimbiwi kichwani kama maiki ya jukwaani. Huimbiwa ubavuni, upande wenye nembo. Ukiigeuza, unaimbia mgongo wake, na kwa kuwa ni kadioidi, yaani husikia zaidi upande wa mbele, mgongo huo ndio unaosikia kidogo kuliko pande zote. Inachonasa ni mwangwi wa ukuta.

Umbali uwe shibiri moja, yaani sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Ukisogea chini ya sentimita 10, besi inajaa na sauti inakuwa nzito isivyo kawaida. Ukifika nusu mita, chumba kinaanza kuimba pamoja nawe. Popu filta, ile kinga ya kuzuia pumzi, ikae katikati, na maiki uielekeze mdomoni kutoka juu kidogo, usawa wa pua, ili pumzi ya "p" na "b" ipite chini yake.

Kwenye kupunguza mwangwi wengi hukosea upande. Wanabandika sponji ukutani nyuma ya maiki, wakati huko maiki haisikii sana. Mbele yake uko wewe, na nyuma yako kuna ukuta wa saruji unaorudisha sauti moja kwa moja kwenye kiwambo, yaani utando wa maiki unaonasa sauti. Kwa hiyo godoro lisimame mgongoni mwa mwimbaji, likisaidiwa na blanketi nzito mbili pembeni. Usisimame katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona. Feni zima. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Hakuna programu itakayoitoa bila kuharibu sauti yako.

Kuhusu ampu, maiki haina kosa. AT2020 inastahimili hadi desibeli 144, na ampu ya wati 15 kwa umbali wa kawaida haifiki huko. Kinachopasuka ni mlango wa kuingilia wa kadi ya sauti: geini uliyoweka kwa ajili ya kuimba ni kubwa mno kwa ampu. Vichwa vya mawimbi vikishakatwa hapo, kushusha sauti kwenye kompyuta ni kupunguza ukubwa wa mkwaruzo ule ule.

Rekodi kwa biti 24. Piga sehemu yenye nguvu kuliko zote, si ile ya kujaribia kwa adabu, huku ukipunguza geini mpaka vilele vigote kwenye -12 hadi -10 dB kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Kama kadi ina kitufe cha pedi, kinachopunguza sauti inapoingia, kibonyeze. Maiki yako haina pedi, kwa hiyo geini ikiwa imefika chini kabisa na bado taa ni nyekundu, punguza sauti ya ampu au rudisha maiki nyuma. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6.

Uiweke wapi? Mulika tochi kwenye kitambaa cha ampu uone koni ya spika ilipo. Katikati kabisa, penye kile kikombe kidogo, sauti ni kali na inachoma. Ukielekea ukingoni inapoa na kunenepa. Kondensa yenyewe hung'arisha sauti za juu, kwa hiyo anzia nusu ya njia kati ya kikombe na ukingo, sentimita 20 kutoka kwenye kitambaa. Kwa gitaa safi la sebene linalotaka kung'aa, sogea kuelekea katikati, sentimita 2 kwa mara moja, tofauti utaisikia. Ampu usiiache sakafuni. Ipandishe juu ya kiti au kreti ya soda, la sivyo sauti inayodunda saruji itachelewa kidogo, igongane na ile iliyofika moja kwa moja, na gitaa litoke jembamba.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayowaponza wanaoweka maiki mbili kwenye ampu moja. Moja ikiwa nyuma ya nyingine kwa sentimita 17, kwa sauti ya 1,000 Hz (mitetemo 1,000 kwa sekunde) mawimbi yanafika kinyume na kufutana. Viwambo viwe usawa mmoja.

Na usirekodi sauti na ampu kwa pamoja kwa maiki hiyo moja. Gitaa kwanza, kisha imba ukiwa na hedifoni zinazofunika masikio yote. Za wazi huvujisha muziki, na kondensa itaunasa.

Kwa kuwa uko pwani, jihadhari na unyevu. Maiki ikianza kutoa milio midogo ya kupasukapasuka huku hakuna anayeimba, mara nyingi ni unyevu kwenye kiwambo. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na vifuko viwili vitatu vya silika jeli ndani. Usiiache kwenye stendi usiku kucha dirisha likiwa wazi.