Deki ya kombo: hesabu kadi kwanza, halafu ujifunze kungoja

Yakhe, umeuliza mbona deki yako ya kombo (rundo la kadi lenye kadi mbili zinazoshinda zikikutana) yashinda mara moja ikipoteza tano na kadi mbili za kombo unazo. Mie nacheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupigana kwa viumbe na uchawi, hapa Mombasa kitambo, twakaa barazani Mji wa Kale baada ya Isha, kahawa chungu na kashata kando, na deki niipendayo ni ya Pauper, aina ya mchezo ya kadi komoni tupu, zile zisizo adimu, kwa sababu kadi zake hazikamui mfuko.

Kombo yangu ni Midnight Guard na Presence of Gond. Kiumbe kingine chako kikiingia mezani, ama hata cha mwenzio, Guard aliyelala (kadi iliyogeuzwa ubavu kwa kuwa imeshatumika) asimama tena. Ukimbandika Gond apata uwezo wa kulala na kutoa askari wa 1/1, yaani nguvu 1 na uhai 1. Basi alala, askari aingia, asimama, alala tena, wataka mia wataka elfu, wewe taja nambari tu. Ila Guard awe alishaingia zamu iliyopita, la sivyo hawezi kulala.

Sasa hesabu. Deki ya kadi 60, nakala 4 za kila moja. Kupata zote mbili kwenye kadi 7 za kwanza ni kama mara 1 kwa 7, nilikaa na kalamu nikaipiga mwenyewe. Kwa hivyo ukijaza nafasi zilobaki kwa viumbe wakubwa unaowapenda, wangojea bahati tu, na mie nilicheza hivyo mwezi mzima nikiumia. Toa wakubwa, weka Commune with the Gods 4: yalipiwa mana 2 (nguvu itokayo kwa kadi za lendi), wafunua kadi 5 za juu, wachukua kiumbe ama enchantimenti, yaani uchawi unaokaa mezani. Guard ni kiumbe, Gond ni enchantimenti, hiyo kadi moja yakutafutia pande zote mbili!

Pili, na hapa ndipo wengi huanguka, ni haraka. Usiku mmoja nacheza na kijana wa Bondeni, joto la kaskazi mpaka kava za kadi zashikana, nikaona Gond mkononi nikambandika Guard pale pale. Kijana alikuwa na Mountain moja, lendi ya mana nyekundu, imesimama. Akailaza kwa kidole kimoja, polepole, akaweka Lightning Bolt kabla Gond haijashika. Bolt yapiga 3, Guard uhai wake ni 3, akafa, na Gond ikakosa pa kushika ikaenda kaburini vilevile. Kadi zangu mbili kwa moja yake. Tangu siku hiyo naangalia lendi za mwenzangu kabla ya kuangalia mkono wangu, zikiwa zimelala zote ndo nambandika.

Na ikishashika usikimbilie kutoa askari zamu yako, maana hawashambulii siku hiyo na Electrickery ikilipiwa mana 3 yaweza kuwafagia wote. Ngoja mwisho wa zamu ya mwenzio, watoe hapo, ikifika zamu yako washambulia. Akirusha Bolt Guard akiwa amesimama, wewe jibu: mlaze, asimame, mlaze, mpaka askari wakutoshe, halafu Bolt ndo ifike. Labda awe na ya pili, hapo kweli ni kazi.

Leta orodha ya zako 60 tuanze kuwatoa hao wakubwa.