Maswali ya Wasomaji: Kushusha Maji Kutoka Tangi la Samaki Lisilo na Tundu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua tangi la kioo la samaki wa mapambo lililokwisha kutumika, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 50. Ningependa maji yake yashuke yenyewe hadi kwenye tangi dogo la chini lenye chujio, kisha pampu iyarudishe juu. Fundi vioo alikataa kulitoboa. Fundi bomba akasema maji yanaweza kuvutwa kwa bomba la PVC kupita juu ya ukingo, ila akaonya kwamba Dodoma iko juu mno na mvuto huo hautashika. Zaidi ya hayo, umeme mtaani kwetu hukatika mara kwa mara, na nyumba ninayoishi ni ya kupanga. Naomba maelekezo. – Msomaji, Ipagala, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, fundi vioo amekutendea haki. Matangi mengi ya kiwandani, hasa upande wa chini, hutengenezwa kwa kioo kilichoimarishwa kwa joto, na kioo cha namna hiyo kikiguswa na keekee hakipati ufa mmoja, bali husambaratika chote kuwa chembe. Kwa kuwa hujui historia ya tangi lako, usilitoboe.

Kuhusu mwinuko wa mji wetu, ondoa shaka. Sifoni, yaani bomba linalovuta maji kupita juu ya ukingo, hufanya kazi kwa sababu mgandamizo wa hewa husukuma maji yapande katika mkono mmoja wa bomba, huku maji ya mkono wa pili yakishuka kwa uzito wake. Ni kweli kwamba Dodoma, iliyo kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kuliko Dar es Salaam. Lakini hata hapa hewa inaweza kuhimili safu ya maji ya karibu mita 9, nawe unataka kuyavusha maji juu ya ukingo wa sentimita chache tu. Jambo linalostahili hofu yako ni hilo la umeme, na ndilo nitakalolikazia.

Mpira wa kawaida uliotumbukizwa tangini, kama ule wa kuhamishia mafuta kutoka pipa moja hadi jingine, huendelea kuvuta hadi mdomo wake ubaki hewani. Ukishavuta hewa, mvuto unakufa na haurudi wenyewe. Bomba tunalolitaka ni lile linalobaki limejaa maji hata pampu inaposimama, ili umeme ukirejea liendelee na kazi bila kuguswa na mtu. Siri yake ni kona mbili zenye umbo la U, moja ndani ya tangi na nyingine nje, zinazoyashikilia maji kila upande.

Tumia bomba la PVC la inchi moja. Ndani ya tangi, anza na kipande kilichosimama wima chenye mdomo unaotazama juu, mdomo huo ukiwa sentimita 6 chini ya ukingo wa kioo. Mdomo huu ndio utakaoamua kimo cha maji. Kutoka hapo bomba lishuke sentimita 25, lizunguke kwa elbo mbili, yaani viungo vya kukunja bomba, lipande kuvuka ukingo, lishuke nje, lizunguke tena, kisha lipande hadi kwenye tii, yaani kiungo chenye matundu matatu kama herufi T. Kutoka kwenye tii maji yaelekee tangi la chini. Tundu la juu la tii liachwe wazi kabisa. Wapo wanaoliziba wakidhani wanazuia maji kuruka, kumbe wameigeuza kazi yote kuwa sifoni moja ndefu, ambayo itaimaliza kona ya ndani, ivute hewa na kukatika.

Hapa kuna kipimo ambacho wengi hukikosea. Ukiweka njia ya kutokea kwenye tii sawasawa na mdomo wa ndani, maji hayatakuwa na msukumo wa kutosha kupita kwenye elbo zote hizo, nayo yatapanda tangini. Iweke kiasi cha sentimita 14 chini ya mdomo wa ndani. Pampu ikisimama, maji yaliyo ndani ya bomba yatashuka hadi usawa wa tii, lakini kwa kuwa kona ya ndani iko chini zaidi, kwenye sentimita 25, hewa haitaingia.

Usichague bomba pana mno kwa kudhani ndiyo usalama. Viputo vya hewa hupanda ndani ya maji kwa kasi ya takriban sentimita 20 hadi 25 kwa sekunde, kwa hiyo maji yanayoshuka polepole kuliko hapo huviacha vikusanyike kileleni hadi mvuto ukatike. Lita 1,000 kwa saa katika bomba la inchi moja hukimbia zaidi ya sentimita 50 kwa sekunde, na viputo huondoka nayo. Kiasi hicho kinatosha tangi lako, maana ni kuyazungusha maji yote takriban mara nne kwa saa. Kumbuka tu kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya maji yasiyopandishwa popote. Pampu ikiyainua mita moja hutoa pungufu.

Viungo vya sehemu ya juu vipake gundi ya PVC kwa uangalifu kuliko vingine vyote. Mgandamizo ndani yake ni mdogo kuliko wa hewa ya nje, hivyo kiungo kibovu hakidondoshi maji bali hunyonya hewa, na jicho halioni kitu. Kileleni toboa tundu dogo, upachike kimpira chembamba cha pampu ya hewa chenye koki. Kwa hicho utanyonya hewa hadi maji yajae, kisha ufunge. Kabla ya kuanza, jaza kona zote mbili maji. Ukiacha bomba usiku kucha na asubuhi ukakuta kiputo kikubwa kileleni, rudia viungo.

Sasa nije kwenye umeme. Miaka kadhaa iliyopita nilirudi nyumbani nikakuta sebule imejaa maji na samaki wanahema katika kina kifupi, na haikuwa sifoni iliyoniponza. Mdomo wa bomba la kurudishia maji niliuzamisha sentimita 20, umeme ukakatika, na maji yakarudi kinyumenyume kupitia pampu. Katika tangi lako kila sentimita ya kimo ni lita 5.4, sentimita 20 ni lita 108, na tangi la chini haliwezi kuzipokea. Mdomo wa kurudishia uwe sentimita 1 tu chini ya uso wa maji, na hapo hapo bomba litobolewe tundu la milimita 5 la kuingiza hewa. Valvu ya kuzuia maji kurudi isiwe tegemeo lako, kwani ukungu na chembe za chakula huizuia isifunge.

Pampu inapofanya kazi, maji yatasimama kama sentimita 2 juu ya mdomo wa ndani. Inaposimama, sentimita hizo mbili, yaani karibu lita 11, pamoja na yaliyomo bombani, zitashuka. Tangi la chini liwe na nafasi hiyo wakati wote.

Hatimaye chukulia kwamba siku moja sifoni itakatika pampu ikiwa inaendelea, kwa sababu ya konokono aliyeziba mdomo au koki iliyolegea. Hapo juu zimebaki sentimita 4 hadi ukingoni, yaani lita 21.6. Ukikitenga chumba cha pampu ndani ya tangi la chini kwa kioo cha kugawanya, kikawa na sentimita 22 kwa 35 na maji ya kina cha sentimita 20, kitabeba lita 15.4. Pampu ikiyamaliza yote, tangi la juu litapanda chini ya sentimita 3. Pampu inaweza kuungua, lakini sakafu ya mwenye nyumba itabaki kavu. Kwa nyumba ya kupanga, naliona sharti hili kuwa kubwa kuliko mengine yote niliyoyataja.

Sharti hilo huvunjwa na mkono wa mwenye tangi. Kiangazi chetu kina upepo na ukavu mwingi, na maji yanayopotea hewani huonekana kupungua kwenye chumba cha pampu peke yake. Chora mstari kwenye kimo cha sentimita 20, ongeza maji kila siku, wala usivuke mstari hata kama unasafiri kesho. Maji ya visima vya huku ni magumu, na chokaa yake itaziba lile tundu la milimita 5. Lizibue kwa kijiti kila wiki.

Kabla ya kuweka samaki, panga kila kitu uani, uwashe, kisha chomoa waya wa pampu na kuurudisha mara ishirini, safari nyingine baada ya dakika moja, nyingine baada ya usiku mzima. Halafu ikate sifoni makusudi, pampu ikiwa inafanya kazi, uone maji yanaishia wapi.

SWALI: Je, siwezi kutumia mpira wa kawaida wenye koki, nikaibana hadi maji yanayoshuka yalingane na yanayopandishwa? – Msomaji, Mpwapwa.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mikondo miwili haiwezi kulingana kwa muda mrefu, kwani uchafu kidogo kwenye mpira au mabadiliko ya nguvu ya umeme hubadilisha mmoja wao. Tofauti ya lita 1 kwa dakika ni lita 60 kwa saa, na katika tangi la ukubwa wa lile la Ipagala hizo ni sentimita 11, wakati nafasi iliyopo hadi ukingoni ni sentimita 4.